Kabla ya kulipia boti ya Kisite, tazameni mwezi

Swali: Twataka kwenda Kisite, hifadhi ya bahari, likizo ya Disemba kutazama samaki kwa miwani. Tuko watano, wawili watoto wa miaka 8 na 11. Tuchague tarehe gani? Na je, tujizoeze hapa Nyali kwanza? (Mama, Kisauni)

Jibu: Mama, kabla ya kumpigia mwenye boti, itazame kalenda ya Kiislamu. Mwezi mosi na mwezi 15, yaani tarehe mosi na 15 za kalenda hiyo, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua. Maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya muda wa kama saa sita, na mkondo kati ya Shimoni, boti zinakoondokea, na kisiwa cha Wasini humchosha hata mtu mzima mwenye mapezi ya miguuni, sembuse mtoto. Tafuta mwezi 7 hadi 9, au 22 hadi 24. Hayo ni maji mafu: tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita moja, na kilele cha kujaa huangukia asubuhi, mnamo saa nne, wakati ambao mtakuwa majini. Maji yanayojaa hutoka bahari kuu, ni maangavu. Yanayotoka huja na tope la mikoko. Upepo wa kaskazi nao huongezeka mchana, kwa hiyo msikubali safari ya alasiri.

Nyali mjizoeze, ndiyo, mwamba unawakinga na mawimbi. Ila msiende saa nne au saa tano asubuhi siku za bamvua, kwani hapo maji yamekupwa kabisa. Mtu hujikuta amesimama juu ya matumbawe, yanakatika, na wale nungu wa baharini wenye miiba mirefu wanamngoja.

Shimoni ni kama kilomita 80, na foleni ya feri ya Likoni mwaijua wenyewe. Tokeni saa kumi na moja alfajiri. Ada ya KWS, shirika la wanyamapori, hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa hiyo ilipeni nyumbani mkiwa na mtandao mzuri. Mwulizeni nahodha kama ana ngazi ya kupandia na majaketi ya kuelea ya saizi ya watoto. La watu wazima humpanda mtoto hadi masikioni. Snokeli nayo, lile bomba la kuvutia pumzi, iwe ya kitoto. Bomba kubwa hubakiza pumzi chafu ndani, mtoto akaivuta tena, na kabla hujajua anaumwa na kichwa.

Swali: Miwani yangu mpya huingiza maji kila mara na kufanya ukungu. Mimi huvaa ushungi hata majini. (Dada, Majengo)

Jibu: Dada, maji yanapita kwenye ukingo wa kitambaa. Ushungi ukaze, kisha uuvute nyuma hadi mpira wa miwani ulalie ngozi tupu kuzunguka uso wote, hata unywele mmoja usiwe chini yake. Jaribu nchi kavu: bandika miwani bila mkanda, vuta pumzi kwa pua, achilia mikono. Ikianguka, si saizi yako, na kukaza mkanda hakutasaidia, kutaupinda mpira tu. Ukungu wa miwani mpya ni utando wa kiwandani. Sugua kioo kwa ndani na dawa ya meno mara tatu nne, suuza. Baada ya hapo mate yatatosha.

Swali: Nina cheti cha kwanza cha kuzamia. Nataka kwenda meli ya Dania Jumapili asubuhi, jioni nipande treni kwenda Nairobi. (Kijana, Bamburi)

Jibu: Yote mawili hapana, kaka. Dania ilizamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makao ya samaki, nayo imelala karibu mita 30. Cheti chako kinaishia mita 18. Piga hesabu ya hewa. Mtungi wa lita 12 uliojazwa baa 200 (baa ni kipimo cha presha) una lita 2,400 za hewa. Juu ya maji wavuta kama lita 20 kwa dakika. Mita 30 presha ni mara nne, hivyo wavuta 80. Ukiacha akiba ya baa 50, umebaki na dakika 22 na ushee, nazo ni kwa mtu mtulivu, na mgeni wa kina hicho hawi mtulivu. Chukua kozi ya pili kwanza.

Treni ni kosa wasilolifikiria wengi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na naitrojeni iliyoingia mwilini ukiwa chini hutoa mapovu presha ya hewa ikipungua, sawa na kupanda ndege. Ukizamia mara moja ngoja muda wa saa 12, ukizamia mara kadhaa ngoja muda wa saa 18. Kata tiketi ya Jumatatu.

Swali: Mafua kidogo yanazuia kuzamia? (Msomaji, Likoni)

Jibu: Yanazuia. Tembe hufungua pua kwa muda. Ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa iliyonaswa kwenye sikio haina pa kutokea unapopanda.