Jibu: Samaki wangu wawili aina ya klauni wanalala kwenye kona ya tangi, niwanunulie anemoni (mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo klauni hujificha)?

Ndugu, usinunue bado. Umesema tangi lako lina miezi miwili, na hilo ni changa mno. Anemoni anataka maji ambayo hali yake haibadiliki-badiliki, na wafugaji wengi husubiri angalau miezi 6. Klauni wenyewe wanaishi vizuri tu bila anemoni, na kulala kwenye kona ni kawaida yao.

Muda ukifika, tafuta anemoni aitwaye Entacmaea quadricolor, yule mwenye minyiri iliyovimba nchani kama puto. Ndiye mvumilivu zaidi. Kabla ya kulipa mtazame mdomo: ukiwa umefumba, sawa, ukiwa wazi na umelegea, mwache hapo hapo. Akishaingia atatembea mpaka apate mwanga na mkondo anaoupenda, kwa hiyo funika midomo ya pampu kwa sponji. Akinyonywa na kukatwakatwa humo, maji huchafuka haraka na unaweza kupoteza tangi zima.

Klauni wako, ambao ni wa aina ya ocellaris, wanaweza kumzoea siku hiyo hiyo au wasimjali kabisa, maana baharini huyu si anemoni wanayeishi ndani yake. Usiwalazimishe.

Halafu taa hujaitaja. Ni ipi? Bila mwanga mkali anemoni atapauka tu.