Damu, malezi na kiboko: majibu kwa barua za wasomaji

Shikamoo Mwalimu. Mama mkwe wangu kila akimwona mwanangu wa miaka sita amempiga mwenzake, husema damu haipotei, huyo ni babu yake mtupu. Mimi namjibu samaki mkunje angali mbichi. Wenye hekima wa zamani walisemaje? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

Marahaba mama. Ubishi wenu una umri wa zaidi ya miaka elfu mbili, na kule China ulipamba moto kwelikweli. Mwanafalsafa Mengzi, aliyeishi karne ya 4 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba binadamu huzaliwa na wema ndani yake. Ukimwona ghafla mtoto mdogo anataka kutumbukia kisimani, alisema, moyo unakushtuka kabla hujawaza nani atakusifu au wazazi wake watakulipa nini. Mshtuko huo ndio huruma, nayo ni chipukizi tu, lisipotunzwa hufa. Alitaja mlima uliokuwa na msitu mzuri jirani na mji mkubwa. Watu wakakata miti, ng'ombe na kondoo wakala kila kilichochipua, mlima ukabaki kipara. Wapita njia wakadhani ndivyo ulivyoumbwa.

Xunzi, aliyekuja baada yake, alipinga katakata. Kwake yeye tunazaliwa na tamaa na wivu, na tukiachwa tufuate maumbile tutanyang'anyana. Lakini wengi humkatisha hapo, wasimsikilize mpaka mwisho. Aliendelea kusema kwamba mti uliopinda fundi huupasha mvuke na kuubana hadi unyooke, na kwamba hata mtu wa kawaida barabarani, akijifunza kwa bidii bila kuchoka, anaweza kuufikia wema wa Yu, mfalme aliyeheshimiwa sana katika masimulizi ya China. Hata huyu aliyewaona binadamu kwa jicho kali kabisa hakumkatia mtu tamaa. Kwa hiyo mama mkwe hatapata shahidi kwa yeyote kati ya hao wawili. Mweleze kwa upole, kisha mtazame pamoja mtoto humwona nani akipiga.

Mwalimu mwenzangu, hapa shuleni tukigusia kupunguza viboko tunaambiwa hayo ni mambo ya Wazungu. Ni kweli? (Mwalimu wa darasa la tano, Tanga)

Si kweli, na naomba nikae hapa kidogo maana jambo hili linanigusa.

Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Kiislamu, alizaliwa Tunis mwaka 1332, akawa kadhi wa Kimaliki mjini Cairo, na huko ndiko alikofia mwaka 1406. Katika kitabu chake *Muqaddimah*, alichokiandika mwaka 1377, ametenga sura nzima kueleza jinsi ukali unavyomdhuru mwanafunzi, hasa mdogo. Anasema mtoto anayelelewa kwa kuonewa hunywea na kupoteza uchangamfu. Huwa mvivu. Hujifunza kusema uongo na kuonyesha kisichokuwemo moyoni kwa kuogopa mkono wa mkubwa, na baada ya muda hila hizo huwa ndiyo tabia yake. Kisha anapanua hoja: ndivyo yanavyowapata hata mataifa yaliyotawaliwa kwa mabavu. John Locke wa Uingereza, aliyesema kwamba nidhamu ya kitumwa huzaa moyo wa kitumwa, alichapisha kitabu chake cha malezi mwaka 1693, miaka zaidi ya mia tatu baadaye.

Nisiwapake rangi wasiyokuwa nayo. Ibn Khaldun alinukuu kauli kwamba mwalimu akilazimika kumpiga mtoto asizidishe mapigo matatu, na Locke aliacha nafasi ya fimbo kwa ukaidi mkubwa. Lakini wote wawili waliona kwamba hofu haijengi adabu.

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimchapa mtoto ambaye hakufanya hesabu za nyumbani. Kesho yake akaleta zote, zote sahihi, nami nikajipongeza. Alikuwa amenakili kwa mwenzake. Nilimfundisha udanganyifu kwa mkono wangu mwenyewe, na niliposoma sura ile miaka mingi baadaye nilimkumbuka yule mtoto, nikafunga kitabu kwa muda.

Mwanafalsafa Rousseau aliandika kitabu kizima cha malezi huku watoto wake mwenyewe aliwatupa. Kwa nini tusomeshwe maneno ya mtu kama huyo? (Mwanachuo wa ualimu, Dodoma)

Hasira yako ni halali. Watoto watano aliozaa na Thérèse Levasseur walipelekwa kituo cha watoto waliotelekezwa mjini Paris, na mwenyewe alikiri. Lakini kitabu hicho, *Émile*, cha mwaka 1762, kilisema jambo ambalo wengi hawakutaka kulisikia: mtoto si mtu mzima mfupi, ana namna yake ya kuona na kufikiri, na mara nyingi sisi wakubwa ndio tunaomharibu. Kitabu kilichomwa moto Paris na Geneva.

Mimi nina ugomvi naye mwingine, na naona ni mzito kwa mwalimu. Msichana katika kitabu hicho, Sophie, anasomeshwa ili ampendeze mwanamume tu. Mary Wollstonecraft, aliyewahi kuendesha shule, alimjibu mwaka 1792: mwanamke ana akili, basi wema wake upimwe kwa kipimo kilekile cha mwanamume, na asome. Wasome wote wawili, ukianza na Rousseau.

Maadili yanaweza kufundishwa darasani na kutungiwa mtihani? (Mzazi, Mwanza)

Kuyaeleza, ndiyo. Kuyajenga, Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, angekataa. Mjenzi huwa mjenzi kwa kujenga, mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na mtu huwa mwadilifu kwa kutenda haki mara kwa mara. Anayeishia kwenye maelezo alimfananisha na mgonjwa anayemsikiliza daktari kwa makini halafu asifuate lolote aliloambiwa. Mwalimu Nyerere naye, katika *Elimu ya Kujitegemea* ya mwaka 1967, alisema wazi kwamba mtihani haupimi tabia ya mtu wala moyo wake wa kutumikia wenzake. Mtoto anaweza kupata alama zote za Uraia na Maadili na akapita dirishani kuchukua kalamu ya jirani yake.

Mwanangu ana miaka minne. Asubuhi shule, mchana chuoni kusoma Kurani, jioni tuisheni. Majirani wote wanafanya hivyo, nami naogopa ataachwa nyuma. (Baba, Mombasa)

Mengzi ana kisa cha mkulima wa Song, dola moja ya China ya kale, aliyeona miche yake haikui upesi, akaenda kuivuta juu mmoja mmoja. Akarudi nyumbani hoi, akawaambia watu wake, "Leo nimeisaidia miche kukua." Mwanawe akakimbilia shambani, akaikuta imenyauka.

Na kwa kuwa mtoto anasoma chuoni, msikilize pia Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Alisema mtoto ni amana mikononi mwa wazazi wake, na akitoka chuoni aruhusiwe mchezo mzuri wa kumpumzisha. Kumzuia asicheze na kumlemea kwa masomo muda wote kunaua moyo wake, kunazima akili yake na kumfanya atafute hila za kuyakimbia masomo yenyewe. Anza na tuisheni: mpunguzie siku tatu kwa wiki, mwache atoke acheze na wenzake mpaka magharibi.