VI/M.N. kwenye hati ya babu ni nini?

SWALI: Babu ametuachia shamba Changamwe, Mombasa. Hati imeandikwa namba 812, chini yake "asili 175/3", halafu VI/M.N. na pembeni C.R. na tarakimu nyingine. Hizi ni namba za nini? – Msomaji, Mombasa

JIBU: M.N. ni Bara ya Kaskazini ya Mombasa, M.S. ni ya Kusini, ng'ambo ya feri ya Likoni. (Changamwe iko magharibi ya kisiwa, lakini wapimaji waliitia kaskazini, usibabaike.) VI ni sehemu ya sita ya bara hiyo. Nyali, kwa mfano, imo katika I. Kila sehemu ina hesabu yake ya ploti, kwa hiyo 812 ya VI si 812 ya I. "Asili 175/3" inaonyesha shamba lenu lilikatwa kutoka kipande cha tatu cha ploti 175. C.R. ni namba ya daftari la Masjala ya Pwani, na humo ndimo mlimoandikwa mauzo na rehani zote.

Mpango huu unatokana na sheria ya hati ya 1908. Ukanda wa Pwani wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Waingereza walikuwa wakiutawala kwa niaba yake tangu 1895. Kila mwenye dai alitakiwa kulipeleka kwa msajili. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wenye mashamba ya minazi waliokuwa na karatasi walipata hati. Wamijikenda, waliolima kwa haki ya ukoo bila karatasi, wengi walitoka mikono mitupu, na uskwota wa Pwani una mzizi wake hapo.

Sheria hiyo ilifutwa 2012, ila hati zilizotoka chini yake hazikufa. Linaloharibu mambo ni uandishi: karani akipiga IV badala ya VI, au mkataba ukitaja "812 Changamwe" tu, sachi (upekuzi rasmi wa daftari kwenye masjala) italeta shamba la mtu mwingine. Nakili mstari mzima, pamoja na C.R. Hati za zamani zinapima kwa ekari, za sasa kwa hekta: ekari 5 ni hekta 2.02, kwa hiyo namba ikipungua si lazima uwe umeibiwa. Kisha mwite mpimaji atafute bikoni, yaani alama za mipaka.

Sachi ikionyesha jina la babu, msiuze wala kugawa kabla ya mirathi kuthibitishwa, kwa Kadhi au mahakama nyingine. Sahihi za wajukuu peke yake msajili hazipokei.