Gari linakula matairi upande wa ndani hata baada ya alaimenti

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota IST, kila siku natoka nayo Tabata kwenda Posta na kurudi. Matairi ya mbele yanalika ukingo wa ndani tu, kwa nje kashata (mikato ya tairi inayogusa lami) bado ni nzuri. Nimefanya alaimenti mara mbili ndani ya miezi minne na bado usukani unakaa upande gari likiwa linakwenda moja kwa moja. Je, ninunue matairi mapya nifanye na alaimenti ya tatu?

JIBU: Hapana ndugu, vyote viwili visubiri. Alaimenti ni kupanga pembe za magurudumu gari likiwa limesimama. Kama bushi (raba ya kwenye maungio ya chuma) au boljointi (kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka) imelegea, ukipita rasta (matuta madogo ya barabarani) mbili tatu pembe zimeshahama, na pesa yako imekwenda. Huo usukani wa upande nao unaonyesha kazi haikumaliziwa: usukani hufungwa katikati kwanza, ndipo tairodi (fimbo za chuma zinazogeuza magurudumu) za pande zote mbili zirekebishwe.

Anza na kiganja. Kipitishe juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha kirudishe. Ukikuta njia moja ni laini na nyingine ina ncha kali kama meno ya msumeno, matairi hayaelekei mbele kwa usawa. Yakilika ndani, kwa kawaida yametanuka kwa mbele, yaani kila moja linataka kwenda upande wake huku gari likiliburuza. Tairi lililokengeuka nusu digrii tu huburuzwa kando karibu mita 9 kwa kila kilomita 1. Safari ya kilomita 20 ni zaidi ya mita 170 za kusugua lami!

Usipohisi meno, ila kashata imeshuka kama mteremko kuelekea ndani, tairi limeinama ndani kwa juu. Mwinamo huo mafundi huita kemba. Hapo shuku springi zilizochoka, bushi za amu (mkono wa chuma unaoshika gurudumu kwa chini), au shokapu iliyopinda kwenye shimo. Upepo mdogo hula kingo zote mbili na upepo mwingi hula katikati, kwa hiyo tatizo lako si upepo. Hata hivyo upime asubuhi matairi yakiwa ya baridi, ukifuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva.

Sasa tafuta ulegevu. Nyanyua gurudumu, weka stendi imara (tofali hapana, linapasuka). Shika tairi kushoto na kulia, litikise: mchezo (ulegevu) hapo ni wa tairodi endi (kiungo cha ncha ya nje ya tairodi) au reki endi (cha ncha ya ndani). Shika juu na chini, utikise tena. Ukiona mchezo, mtu akanyage breki: ukipotea ni beringi, ukibaki chunguza boljointi. Bushi za amu zinahitaji mtaimbo. Sukuma amu taratibu uangalie kama raba imechanika au imeachana na chuma.

Ukibadilisha bushi, simama hapo hapo umwangalie fundi. Boliti za amu hukazwa mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa magurudumu yananing'inia, raba inabaki imejisokota muda wote na itachanika mapema. Kosa hili ni la kawaida mno, na ndilo linalofanya watu waseme bushi mpya ni feki.

Kama uliweka spesa kuinua gari, mweleze fundi, maana pembe za tairodi na amu zimebadilika.

Baada ya matengenezo ndipo alaimenti, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Kwa Toyota nyingi, kemba ya kushoto na ya kulia hazipaswi kupishana zaidi ya digrii 0.75. Zikipishana zaidi, tafuta kilichopinda kwanza kabla ya kukubali boliti maalumu za kurekebishia kemba. Hakikisha pia nati za tairodi zimekazwa, la sivyo kipimo kitahama tena.

Matairi nunua mawili pamoja ya ekseli moja, uyafunge kabla ya alaimenti hiyo. Ila leo hii kata usukani hadi mwisho, uchungulie ukingo wa ndani kwa tochi. Nyuzi au waya zikionekana, usiende nalo popote, hata Posta: funga tairi la akiba.