Daftari la jioni: ninavyojihesabu kwa njia ya Wastoiko

Wengi wanaoanza kuandika shajara huacha baada ya muda mfupi kwa sababu hawajui waandike nini. Umeamka, umekwenda kazini, umerudi, umekula, umelala. Ukiyaandika hayo siku tatu mfululizo, daftari linakuchosha. Wengine huangukia upande wa pili: kila usiku wanamwaga machungu, nani kawaudhi, nani kawadharau, na wakilifunga daftari wana hasira kuliko walipolifungua. Nimewaona watu wangu wa karibu wakipita njia zote hizi mbili, na ushauri wangu kwao umekuwa uleule: badilisha swali. Acha kujiuliza leo kumetokea nini. Jiulize, kwa hayo yaliyotokea, mimi nimefanya nini?

Swali hilo nimelichota kwa Wastoiko, wanafalsafa wa kale wa Ugiriki na Roma, walewale tunaokutana nao kwenye Matendo ya Mitume 17:18 wakijadiliana na Paulo kule Athene. Shule yao ilianzia hukohuko Athene, karibu na mwaka 300 KK, kwa Zeno, mtu wa Kupro aliyekuwa akifundisha kwenye baraza lenye nguzo na michoro ukutani, pembeni mwa soko. Kilichonivuta kwao ni kwamba falsafa kwao ilikuwa kazi ya mikono ya kila siku. Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla hajawa mwalimu, aliwaambia wanafunzi wake kwamba mambo anayowafundisha wayatafakari, wayaandike kila siku, wayafanyie mazoezi. Kusikia tu hakutoshi.

Na jambo lenyewe si geni kwetu. Muislamu amehimizwa muhasaba tangu chuoni, kuihesabu nafsi yake kabla haijahesabiwa. Mkatoliki anajua kuchunguza dhamiri kabla ya kulala. Nisemayo hapa hayaondoi sala ya mtu. Yanaweza kukaa pembeni yake bila ugomvi.

Aliyenifundisha zaidi kuhusu jioni ni Seneca, Mstoiko wa Roma. Aliandika kitabu kuhusu hasira na kumwelekezea kaka yake Novatus, ambaye baadaye aliitwa Gallio. Ndiye yuleyule Galio, liwali wa Akaya, ambaye Paulo alipelekwa mbele yake akakataa kuisikiliza kesi ile. Katika kitabu hicho Seneca anaeleza desturi yake. Taa ikishaondolewa, na mkewe anayeijua desturi hiyo akishanyamaza, anaipitia siku yake yote, anapima aliyoyatenda na aliyoyasema, hajifichi kitu wala haruki kitu. Anasema ameichukua kwa Sextius, mwanafalsafa wa Roma aliyemtangulia, ambaye kila usiku aliiuliza nafsi yake: leo umeponya ubaya wako upi? Umeipinga kasoro ipi? Umekuwa bora kwa lipi?

Ninachokipenda kwake ni udogo wa mambo anayoyataja. Ungetegemea mtu aliyekuja kukaa ikulu ya Nero, mtawala wa Roma, ajiulize kuhusu vita na hazina. Yeye anajikumbusha kwamba katika mjadala fulani alikuwa mkali mno, kwamba alimsahihisha mtu fulani kwa uwazi kuliko ilivyofaa, hivyo badala ya kumrekebisha akamuudhi. Anataja pia kukalishwa kwenye nafasi ya chini karamuni na kuanza kumchukia mwenyeji, mwitaji wageni, hadi yule aliyepewa kiti kizuri, kisha anajiuliza kiti kina uwezo gani wa kumpa mtu heshima au kumnyang'anya. Nani kati yetu hajarudi harusini na kinyongo cha namna hiyo? Basi hayo ndiyo ya kuandikwa. Ukisubiri jambo kubwa, daftari litakaa tupu mwaka mzima.

Halafu kuna jinsi anavyofunga. Anajiambia kwa maana hii: angalia usilirudie hilo tena, safari hii nakusamehe. Nasisitiza sehemu hii kwa sababu ndiyo inayoachwa. Mtu anachukua kalamu, anajishitaki, anajihukumu, anakwenda kulala na hukumu kifuani. Siku chache za namna hiyo na daftari linageuka fimbo. Ukiandika kosa, andika chini yake utakachofanya likijirudia, kisha jisamehe kwa maandishi, kwa maneno kamili, hata kama unaona haya. Mimi sifungi ukurasa bila mstari huo.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro. Jioni lazima nifunge hesabu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki kwa watu. Daftari langu jingine linafuata hapohapo, kabla sijazima taa ya dukani, na nadhani ndiyo sababu desturi hii imedumu. Nimeifunga kwenye kazi ambayo ningeifanya vyovyote vile, na hesabu ya nafsi imekuwa kama ukurasa wa mwisho wa hesabu ya duka. Wewe tafuta chako: baada ya swala ya Isha, baada ya vyombo kuoshwa, baada ya watoto kulala. Usitegemee kukumbuka, wala usisubiri kujisikia.

Ukurasa wangu una mstari katikati. Kushoto naandika "si yangu", kulia "yangu". Huu ni mgawanyo wa Epictetus: yapo mambo yaliyo mikononi mwetu, kama maamuzi yetu, tunachokitaka na tunachokikataa, na yapo yasiyo mikononi mwetu, kama mwili, mali, sifa na vyeo. Kwa maneno unauelewa mara moja. Kwa kalamu ni kazi.

Nitoe mfano wa jioni moja. Fundi mmoja alichukua nondo na saruji mali kauli, siku ya kulipa ikapita, simu ikawa haipokelewi. Kushoto niliandika: fundi kupokea simu, mwenye nyumba kumlipa fundi, mzigo ambao umeshajengewa. Kulia niliandika: kumpigia mara moja kwa siku, tena kwa sauti ya kawaida, kutomsema mbele ya vijana wa dukani, kuandikishana kabla mzigo haujatoka, hata kwa mteja wa siku nyingi, kwenda site Jumamosi kuonana naye uso kwa uso. Tazama jinsi upande wa kulia ulivyojaa vitenzi. Hicho ndicho kipimo changu. Kama upande wako wa kulia una maneno kama "kuwa mvumilivu" na "kuwa na imani" peke yake, hujamaliza kuandika. Endelea hadi upate kitu ambacho mikono yako inaweza kukifanya kesho saa nne asubuhi.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito. Mgawanyo huu usitumike kumfunza mtu kuvumilia dhuluma. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema kupigwa na mumewe "si mikononi mwake", kwa hiyo anajifunza utulivu. Hapana. Mkono wa mume si wake, lakini kutoka nyumbani, kumwambia ndugu, kufika dawati la jinsia kituo cha polisi, hayo ni yake, na ndiyo yanayopaswa kujaza upande wa kulia. Hata haki ilikuwa moja ya fadhila nne za Wastoiko, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi. Utulivu unaomwacha mtu kwenye hatari si walioufundisha wao.

Asubuhi naandika kifupi zaidi, mistari miwili au mitatu, na mwalimu wangu hapo ni Marcus Aurelius. Alitawala Dola ya Roma kuanzia mwaka 161 hadi 180, miaka ya vita kando ya mto Danube na ya tauni iliyoenea katika dola yake. Maandishi yake, kwa Kigiriki, alijiandikia mwenyewe, na sehemu moja imewekewa alama ya Carnuntum, ngome ya Warumi ambayo leo iko Austria. Kuna mahali anajiambia alfajiri kwamba leo atakutana na wambea, wasio na shukrani, wenye kiburi, wadanganyifu, wenye husuda. Mistari hiyo inasambazwa sana mitandaoni, na karibu kila mara inakatwa hapo. Mwendelezo wake ndio dawa: anajikumbusha kwamba watu hao ni jamaa zake, kwamba wameumbwa kushirikiana kama miguu miwili, mikono miwili, safu za meno za juu na chini. Ukiandika nusu ya kwanza tu, unatoka nyumbani ukiwa umekwisha kumchukia bosi wako kabla hajakuamkia. Andika zote mbili: nani huenda akanijaribu leo, na ni kipi kinachonifanya niendelee kumhesabu mwenzangu.

Watu huniuliza wafanye nini wakijikuta wanaandika jambo lilelile kila siku. Endeleeni. Marcus alirudia kifo, hasira, uvivu wa kuamka asubuhi na ubatili wa sifa tangu mwanzo hadi mwisho wa maandishi yake. Alizika watoto wengi, na kuna mahali anajifunza namna ya kuomba: mwingine anaomba asimpoteze mwanawe, yeye aombe asiogope kumpoteza. Mtu haandiki hivyo mara moja akapona. Anarudi kwa sababu jeraha bado lipo.

Kwa siku ambazo huna swali kabisa, fanya alivyofanya Marcus katika kitabu cha kwanza cha maandishi yake. Chote ni shukrani, lakini shukrani yenye majina: kwa babu yake, tabia njema na kutokasirika upesi, kwa mama yake, ucha Mungu, ukarimu na maisha mbali na anasa, kwa mwalimu wake Rusticus, kusoma kwa makini, na kupewa maandishi ya Epictetus kutoka nakala ya Rusticus mwenyewe. Hasemi tu "namshukuru mama". Anataja alichopewa. Nilipojaribu, nilianza na bibi yangu: kudai haki yake sokoni bila kupandisha sauti, na kumrudishia mtu chenji iliyozidi hata kama ameshavuka barabara. Ukurasa ule nilimsomea mama, tukakaa hadi usiku tukimzungumza bibi.

Mengine ni madogo. Tumia daftari la kawaida la dukani. La bei kubwa litakutisha. Simu naikataa kwa shughuli hii, kwa sababu ujumbe mmoja ukiingia umekwisha. Kama nyumbani hakuna faragha, andika kwa vifupisho, au chana ukurasa ukishaumaliza, maana faida kubwa ilipatikana wakati wa kuandika. Asiyependa kalamu afanye kichwani kama Seneca gizani. Siku ukiruka, usirudi nyuma kujaza, andika tarehe ya leo uendelee. Ukiona kwa majuma kila ukurasa unakuacha mzito zaidi, weka daftari kando utafute mtu wa kuzungumza naye, daktari au kiongozi wako wa dini au rafiki anayejua kusikiliza. Kuna mizigo ambayo karatasi haiwezi kuibeba.

Mwisho wa mwezi kaa uyasome yote uliyoandika, ukiwa na kalamu ya rangi nyingine. Zungushia kila jina linalojirudia. Kama jina la mtu mmoja limejaa upande wa kushoto mwezi mzima na upande wa kulia huna hata mstari mmoja unaosema umekwenda kuzungumza naye, hiyo ndiyo kazi yako ya wiki inayofuata. Iandike kwa siku na saa.