Re: Je, nibadilishe mtutu wa bunduki yangu ya kuwindia ya kaliba .30-06?

Ndugu, umesema bunduki yako ya kiwandani ilikuwa ikikusanya risasi ndani ya upana wa sentimita 4 kwa mita 100, sasa zimetawanyika hadi 10, na unataka mtutu mpya. Subiri kwanza. Mtutu wa .30-06 huvumilia risasi elfu kadhaa, na wewe hujafikisha hata 400.

Toa risasi zote, kisha kaza skrubu za darubini na zile zinazoshika kitako cha mbao. Halafu pitisha karatasi kati ya mtutu na mbao. Ikikwama, huenda mbao imevimba. Mvua zetu za Aprili huko Mbarara zinatosha kabisa kufanya hivyo. Fundi atachonga kidogo pale inapogusa, na atakikalisha chuma cha bunduki vizuri kwenye mbao kwa gundi ya epoksi. Mara nyingi shida huishia hapo, kwa gharama ndogo mno kuliko mtutu. Sugua pia masalia ya shaba yanayoachwa na risasi ndani ya mtutu, na umulike ukingo wa mdomo wa mtutu: mkwaruzo mdogo pale unaweza kupotosha kila risasi.

Ikibidi kubadilisha, baki na kaliba ileile, na ongea na polisi waliokupa leseni kabla fundi hajagusa kitu. Fundi asiyepima kwa geji nafasi kati ya bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) na kitako cha risasi, mkimbie! Nafasi ikizidi, ganda linaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Kwa kuwinda swala, mtawanyiko wa sentimita 5 kwa mita 100 unatosha.