Vigawo au vigawe? Kuhusu namba 2,147,483,647

Swali: Katika kitabu cha mazoezi ya hisabati nimesoma kwamba namba 2,147,483,647 "ina vigawe viwili tu, yaani moja na yenyewe". Je, neno "vigawe" limetumika sawasawa? Na namba hiyo huandikwaje kwa maneno?

Jibu: Neno lililohitajika ni vigawo. Katika nomino za aina hii, kiambishi tamati -o aghalabu hutaja kifaa cha kutendea, kama kizibo na kifuniko, ilhali -e hutaja kilichotendewa, kama kiumbe, mtume na mteule. Kwa hiyo kigawo ni namba inayogawa nyingine bila kuacha baki, na kigawe ni ile inayogawika. Tatu ni kigawo cha kumi na mbili, na kumi na mbili ni kigawe cha tatu. Vigawe vya 2,147,483,647 havina mwisho, kwa kuwa kila ukiizidisha kwa namba nzima nyingine unapata kigawe kipya. Vigawo vyake ndivyo viwili, na ndiyo maana ikaitwa namba tasa.

Hesabu ya kitabu chako, tofauti na msamiati wake, haina kasoro. Namba hii ni 2 kipeo cha 31, ukitoa moja, na utasa wake ulithibitishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, kufikia mwaka 1772. Hakulazimika kujaribu kila namba. Kama ingekuwa na vigawo vingine, angalau kimojawapo kisingezidi kipeuo chake cha pili (kipeuo, si kipeo!), ambacho ni 46,340 na ushei, tena Euler alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Masharti hayo mawili yaliziengua namba nyingi mno, zikabaki chache ambazo mtu mvumilivu angeweza kuzijaribu kwa kalamu na karatasi.

Kwa maneno, wengi wataandika "bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba". Si kosa, lakini "elfu mia nne themanini na tatu" ikisikika peke yake yaweza kueleweka kuwa 400,083. Mimi ningeandika "laki nne na elfu themanini na tatu", na wanaoliona neno laki kuwa la sokoni tu wanajinyima bure neno linaloondoa utata. Upatanisho hautakusumbua, maana saba haipokei kiambishi hata unapohesabu vitu. Kama namba ingeishia na tano, vitabu vingekuwa "mia sita arobaini na vitano".